Leyland ya zamani ipo uwani Igoma: tusiikate chuma chakavu, tuipe kazi ya kupeleka watu kuona ndege

Abiria wa Mbele

Wakuu, heshima kwenu. Kuna Leyland moja, basi la zamani, imelala uwani kwa mzee mmoja maeneo ya Igoma hapa Mwanza, nyuma ya gereji. Bodi ya bati, vioo vya kusukuma pembeni, ngazi ya nyuma ya kupandia keria, na lile boneti la ndani kando ya dereva ambalo waliokosa viti walikuwa wanalikalia mpaka suruali inanuka dizeli. Wanunuzi wa chuma chakavu wameshaifikia. Wameizunguka, wametaja bei kwa kilo, mzee kawaambia warudi mwezi ujao. Ndiyo maana naanzisha huu uzi leo na siyo mwezi ujao.

Niseme mapema: sitaki tuipake rangi tuiweke juu ya matofali pale mzunguko watu wapigie picha za harusi. Basi lisilobeba watu linaoza haraka kuliko linalobeba. Nataka itembee, na kazi ya kuipa ninayo.

Kwa wadogo zetu: miaka ya 1970 na 1980 safari nyingi za mikoani zilikuwa za KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Dar walikuwa na UDA iliyoanza 1974, na baadaye yale Ikarus kutoka Hungary, mengine yamekunjika katikati, watu wakayabatiza kumbakumba. Leo mtu akitaka kumwonyesha mwanaye basi alilosafiria kwenda shule ya bweni, atamwonyesha wapi? Magari waliyopanda viongozi yapo Makumbusho ya Taifa, na ni sawa kabisa. Gari lililombeba mama yangu na ndoo zake za dagaa halina wa kulisemea.

Sasa kazi yenyewe. Sisi watu wa Mwanza tunakaa kwenye ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800, halafu ukimuuliza mtu wa Buhongwa mara ya mwisho kukaa akaangalia ndege wa ziwani ni lini, anakucheka. Kiboko tunamjua kwa habari za mtu aliyejeruhiwa. Wageni wanatoka Ulaya na darubini shingoni wanakaa siku tatu pale Ghuba ya Speke, sisi tunapita na Hiace kwa kasi tukielekea msibani Musoma.

Pendekezo langu: Leyland iondoke Mwanza alfajiri, ipite Kisesa, Nyanguge, isimame kidogo daraja la mto Simiyu, Magu, halafu Lamadi mpaka ufukweni upande wa lango la Ndabaka, pale Serengeti inapokuja karibu kabisa na ziwa. Mwendo ule ule wa zamani, hakuna haraka. Pale kuna furukombe wanaoita juu ya miti mpaka unasikia ukiwa ndani ya gari, mnandi waliotandaza mabawa wakijikausha, mdiria wale weusi kwa weupe wanaosimama hewani kama wamefungwa uzi kisha wanajitupa majini. Chozi kifua-chekundu ukimwona kwenye maua jua likimpiga, hutauliza tena kwa nini mzungu kakaa kwenye ndege kwa saa kumi kuja huku.

Na basi la zamani linafaa kuliko Noah ya mtalii, sikilizeni. Ndege anamwogopa mtu aliyesimama wima kwa miguu miwili. Gari lililosimama halimshtui sana, analichukulia kama jiwe. Umbo la mtu linapotea ndani ya bodi. Halafu Leyland iko juu: ukikaa kiti cha dirishani macho yako yanapita juu ya matete. Vioo vinafunguka vyote. Mabasi ya siku hizi yana vioo vya kugandishwa na kiyoyozi, unaangalia nje kama unaangalia televisheni iliyozimwa sauti.

Nakaribisha maoni, matusi madogo madogo pia ruksa.

---

Utingo Mstaafu

Umenikumbusha mbali mkuu. Mimi nimening'inia kwenye hizo ngazi unazozisema, enzi hizo utingo hapandi gari mpaka lianze kutembea, ni aibu.

Ila nikuambie kitakachokuua kwenye hilo gari. Siyo injini. Ni sakafu. Gari zote zilizofanya njia za kanda ya ziwa zilibeba samaki, na siyo kwenye keria tu. Matenga ya sato na sangara yalikuwa yanawekwa nyuma, chini ya kiti cha mwisho, barafu inayeyuka, maji ya samaki na chumvi yanashuka kwenye mbao, kutoka mbao yanaingia kwenye zile vyuma pembe zilizobeba bodi. Juu unaona rangi nzuri, ukipiga teke chini mguu unatokea upande wa pili. Nenda na bisibisi. Chomachoma kuanzia mlango wa nyuma kuja mbele. Ikizama kama kwenye ugali, hapo ujue unanunua chasisi na injini tu, bodi utajenga upya.

Kuhusu ndege: tuliokuwa tunasubiri kivuko Kigongo kwenda Busisi tuliwaona sana bila kuwatafuta. Foleni inakula nusu siku, utafanya nini? Tulikuwa tunajua saa ambayo kwarara wanapita kurudi kulala. Sasa daraja limefunguliwa 2025, watu wanavuka kwa dakika chache, na ni jambo jema, nani anataka mgonjwa afie foleni. Lakini pale ndipo abiria wengi walikuwa wanaliona ziwa kwa kulikalia.

---

Mtu wa Hesabu

Wazo tamu, mfuko mchungu. Nani analipa? Nani atalikatia bima gari la umri huo kubeba abiria? LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, atakuuliza leseni ya usafirishaji, trafiki atakuuliza ukaguzi, na wewe utawajibu "tunaenda kuangalia mnandi"?

Na kuna jambo zito zaidi ambalo mwanzisha uzi kalipita kimyakimya. Kanda hii hatuna utani na chombo kibovu chenye watu. MV Bukoba, 21 Mei 1996. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, watu wanaiona Ukara kabisa, wamebakiza hatua. Kuna familia humu ndani ya huu uzi zilizozika. Mtu akisikia "gari la zamani, limejaa watoto wa shule, linaelekea ziwani", mwili unasisimka, na siyo kwa furaha.

Tatu, moshi. Leyland ikipanda mlima ule mnaujua moshi wake. Unapeleka watu kuona viumbe kwenye ardhioevu huku unawafukiza?

---

Abiria wa Mbele

@Mtu wa Hesabu hoja ya usalama naipokea mikono miwili. Ndiyo maana nasema watu wa viti tu, hakuna kusimama, hakuna keria, mwendo wa ng'ombe. Vyombo ulivyovitaja, kujaza kupita uwezo kulichangia mno, na hilo unaweza kulifanya hata na basi la mwaka huu. Tofauti ni nani kashika mlango.

Halafu mfano wa upande wa pili nao tunao hapa hapa bandarini. MV Victoria imeanza kazi 1961, imejengwa Scotland ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Ilipochoka ingeweza kukatwa. Ikakarabatiwa, injini mpya, ikarudi majini 2020, na watu wa Bukoba wanalala humo usiku kucha. Umri peke yake haujawahi kuwa kosa. Kosa ni umri bila fundi.

---

Mgeni Leeds

Nawasoma kutoka kwenye baridi, ng'wanawane.

Huku Uingereza hii ni starehe kamili ya wazee, na vijana wapo. Yale mabasi mekundu ya London ya ghorofa yenye mlango wazi nyuma, Routemaster, yalianza kuonyeshwa 1954 na yakaondolewa kwenye njia za kawaida Desemba 2005. Mengi bado yanatembea mikononi mwa watu binafsi na vikundi. Sababu moja kubwa inaendana na alichosema Utingo: bodi yake ni alumini. Haili kutu kama bati letu. Kwa hiyo ukisikia "wenzetu wanatunza", jua pia wenzetu walijenga kitu kinachotunzika.

Kuna siku moja ya kiangazi inaitwa Imberbus, ilianza 2009. Imber ni kijiji kwenye uwanda wa Salisbury ambacho jeshi liliwahamisha wakazi wake wote Desemba 1943 na hawakurudishwa. Eneo ni la mazoezi ya kijeshi, limefungwa karibu mwaka mzima. Siku hiyo wanafungua barabara, mabasi ya zamani yanatoka stesheni ya Warminster yanapeleka watu kijijini na vijiji vya jirani, kama njia ya kawaida ya daladala, na konda yupo. Kwa kuwa watu hawalimi wala kujenga pale, nyasi na viumbe vimestawi, mpaka ndege wanaoitwa tandawala wakubwa waliokuwa wametoweka nchi hii walirudishwa uwanda huo kuanzia 2004. Nilikaa ghorofa ya juu kiti cha mbele kabisa. Mzee wa pembeni yangu alikuwa anaandika namba za mabasi kwenye daftari la kushoto na ndege kwenye daftari la kulia. Mke wake kalala.

Kuhusu kodi: gari likipita miaka 40 huku linasamehewa kodi ya barabara, ila ukilitumia kibiashara msamaha huo haupo. Kwa hiyo @Mtu wa Hesabu hata huku hesabu yako ingeulizwa.

---

Dada wa Nansio

Samahanini kaka zangu, mnaongea ardhioevu kama vile haina wenyewe.

Mafunjo mnayotaka kuyaangalia kwa dirishani kuna mama anayakata asuke mikeka. Pembeni yake kuna kibustani cha nyanya na sukuma wiki, ambacho kisheria hakitakiwi kuwepo, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mama huyo anaijua hiyo sheria kuliko nyie, ameshafukuzwa kwa hiyo hiyo. Halafu 2020 ziwa likapanda, likachukua bustani na nyumba pamoja, mita 60 zikahama zenyewe. Mkifika na basi lenu la maonyesho, watu hamsini wenye simu wanapiga picha, yeye atajua ni maafisa. Atakimbia. Hao ndio viumbe mtakaowashtua, siyo mnandi.

Sipingi safari. Nasema mshuke, mnunue mkeka, mle samaki wa hapo, mwongozaji awe kijana wa hapo hapo ambaye anajua kiboko anatokea wapi jioni. Kiboko haheshimu Leyland.

Na mkija Ukerewe njooni kwa kivuko cha Kisorya, basi linapanda vizuri tu. Mjomba wangu alikuwa anapita hapo na basi la mizigo.

---

Kinda la Furukombe

Huu uzi nimeupenda mpaka nimeacha kazi ya watu. Mimi ni muongoza wageni, ndege ndiyo chakula changu, niongeze machache.

Msiende Juni halafu mkalalamika. Kuanzia Oktoba na Novemba mpaka Machi hivi ndiyo wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wamejaa: vitwitwi wa aina aina kwenye tope, buabua wenye mabawa meupe wanaochota wadudu juu ya maji, mbayuwayu kwenye nyaya za umeme mpaka waya unalegea. Januari ndiyo mwezi wa sensa ya ndege wa majini, inafanyika nchi nyingi kwa wakati mmoja tangu 1967. Basi lenu likiwa na watu wanaojua kuhesabu, mnaweza kuwa na faida zaidi ya picha.

Ila ndege wa kumfuata hasa, wageni wanamwita Papyrus Gonolek, yuko mbele zaidi, kwenye mafunjo ya mto Mara karibu na daraja la Kirumi. Mgongo mweusi, kifua chekundu cha damu, utosi wa njano kama kapakwa rangi ya kucha. Anaishi kwenye mafunjo tu. Ukiyakata yote hahamii kwenye mti wa mwembe, anakwisha. Wageni wanafika pale saa kumi na mbili asubuhi na wanangoja. Anaita dume, jike linajibu papo hapo, unadhani ni ndege mmoja. Unasikia, unasikia, unasikia, humwoni. Halafu anapanda kwenye unywele wa funjo lililopinda, sekunde tatu, utosi ule wa njano unawaka, anashuka. Kuna mtu alilia mbele yangu, mtu mzima na mvi zake. Tafadhali msije na simu mkampigia sauti yake iliyorekodiwa ili atoke. Anadhani kavamiwa, anaacha kulisha makinda.

Jambo la kiufundi: injini izimwe mkishasimama. Siyo kwa ajili ya kelele tu. Darubini ndani ya basi linalonguruma haina maana, kila kitu kinatetemeka, unaona kwarara wanne pale alipo mmoja.

Na kwa wasio na nauli ya Lamadi: Saanane ipo hapo, boti kutoka Capri Point. Ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, hifadhi ya taifa tangu 2013, kilomita za mraba 2.18 tu. Pimbi, swala, na wale mijusi dume wa kichwa chekundu na mwili wa bluu juu ya mawe, ambao jina lao la kisayansi limebeba jina la Mwanza. Mtu wa Kirumba ambaye hajafika Saanane asiniambie habari za Dubai.

---

Utingo Mstaafu

@Kinda la Furukombe Mimi ni wa Kirumba na sijafika. Ila mwaloni, pale wanaposhusha samaki, nimekaa na wale marabu wenye mfuko shingoni mpaka tunajuana sura, wanakula utumbo wa samaki miguuni pako. Hao nao ni utalii.

---

Mtu wa Hesabu

Nimesoma yote. Bado nasema hela, ila nipunguze ukali. Msianze na nauli. Ukichukua nauli umeingia kwenye usafirishaji na masharti yake yote. Anzeni na kikundi chenye wanachama, gari la kikundi, safari ya wanachama, na bado muulize LATRA kwa barua kabla ya kuwasha gari. Jibu likija kwa maandishi linawalinda. La mdomo litakuja kuwakana barabarani.

Pia mzee alipwe ile ile bei ya kilo aliyoahidiwa na watu wa chuma chakavu. Msimwambie habari za urithi wa taifa, ana karo za wajukuu.

Kuhusu njia: Mwanza mpaka Kirumi kwa Leyland ni kujitesa. Mabasi ya Musoma kwenda Arusha yanakata Serengeti kila siku, abiria anaona nyumbu dirishani akielekea kwenye harusi ya binamu, na hakuna anayeyaita ya kitalii. Igeni hapo: muda mfupi, njia fupi. Daraja la Simiyu na kurudi, basi. Likihimili, mwende Lamadi.

---

Abiria wa Mbele

Simiyu na kurudi, nimekubali. Na nimekubali la Dada wa Nansio, tutapita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji bila basi, kwa bodaboda, tuulize wanatutaka au hawatutaki.

Kikundi naanza na walioniandikia pembeni. Jumamosi naenda na bisibisi ya Utingo. Swali kwa mafundi: mzee anasema mara ya mwisho iliwashwa kabla wajukuu hawajaanza shule. Kijana wa gereji anataka tuivute na lori tuitie gia tuone kama itashika. Sawa?

---

Fundi Nozeli

SIYO SAWA. Mwambie huyo kijana akae mbali na hilo gari.

Injini iliyolala miaka mingi pete za pistoni zinaganda kwenye kuta za silinda. Ukiivuta kwa gia, magurudumu yanalazimisha, kitu chochote kilichoshika kinavunjika: pete, au unapinda koneki. Hapo ndipo watu wa chuma chakavu wanashinda kesi.

Toa nozeli zote kwanza, upange kwa mpangilio wake, usichanganye. Mimina oili nyepesi kidogo kila tundu, iache ilale siku kadhaa, uwe unaongeza. Mwaga oili ya chini, angalia kama ina maji. Ikitoka kama chai ya maziwa, simama hapo hapo, uniite. Kisha zungusha kwa mkono kutoka mbele kwenye puli ya krankishafti, taratibu, robo mzunguko mbele, robo nyuma. Ikigoma usitie bomba refu kwenye spana, rudisha oili, ngoja. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama ndiyo ufikirie betri. Tangi la dizeli usiliamini kabisa, kutakuwa na uchafu na kutu chini. Funga dumu safi juu kwa mpira, vuta hewa yote kwenye pampu, ndipo ujaribu. Na kabla ya kuwasha weka mtu na kipande cha ubao kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Dizeli ya zamani ikipandisha mzunguko yenyewe haizimiki kwa swichi, unaiziba pumzi.

Breki usiziguse mpaka nije. Nipo Nyakato, Jumamosi nina nafasi baada ya saa nane. Leteni oili, nozeli nitapima mimi.